Klabu yetu inakutana kila wiki lakini wanachama wanapungua: tupunguze vikao au tuongeze faini?

Swali: Sisi ni klabu ya huduma kwa jamii hapa Uyole, Mbeya. Tuko wanachama 28. Tulianza Januari na tunakutana kila Alhamisi saa 11 jioni kwenye ukumbi mdogo wa mgahawa. Miezi miwili ya mwanzo tulikuwa tunajaa. Sasa wanakuja tisa au kumi, kikao kinafika saa 2 usiku, na mradi tulioahidi, tangi la kuvuna maji ya mvua kwa shule ya msingi, haujaanza. Wengine wanasema tukutane mara moja kwa mwezi. Wengine wanataka faini ya kutohudhuria ipande kutoka shilingi 2,000 hadi 5,000. Tushike lipi? (Katibu, Uyole)

Jibu: Ndugu Katibu, kwa sasa msishike hata moja. Tatizo lenu liko kwenye saa ulizozitaja mwenyewe. Kikao kinachoanza saa 11 jioni na kuisha saa 2 usiku ni kikao cha kamati kinachokaliwa na wanachama wote. Mnasoma muhtasari, mnapitia yatokanayo, mnabishana rangi ya fulana na bei ya mabati, halafu mnafungua mengineyo, na mengineyo ndiyo yanayokula saa nzima ya mwisho. Aliyefunga duka lake Mwanjelwa mapema ili awahi anaondoka gizani akiwa hajajifunza kitu wala hajapewa kazi. Wiki ya tatu anaona afadhali abaki dukani, na hana kosa.

Tenganisheni vikao viwili. Mkutano wa wiki ni wa wanachama wote: kuonana, kumsikiliza msemaji, kupokea taarifa fupi na kugawana kazi za wiki inayofuata. Kikao cha kamati tendaji ni cha watu saba hivi, mara moja kwa mwezi, nacho ndicho kinachochambua bajeti, barua, manunuzi na nidhamu. Kamati ikishachambua, wanachama wanaletewa pendekezo moja lililokamilika, wanauliza maswali, wanapiga kura, basi. Klabu kubwa za huduma duniani zinafanya kazi hivyo. Rotary, iliyoanzishwa Chicago Februari 1905 na wakili Paul Harris na wenzake watatu, kwa miaka mingi ilizitaka klabu zake zikutane kila wiki. Mwaka 2016 baraza lao la kutunga kanuni liliruhusu klabu kupunguza, lakini kiwango cha chini kikawekwa kuwa mara mbili kwa mwezi. Lions nao, walioanza mwaka 1917 katika mji huohuo, wengi hukutana mara mbili kwa mwezi.

Hoja ya kukutana mara moja kwa mwezi inavutia ila ina hatari moja. Mwanachama akikosa kikao kimoja cha wiki, amekaa siku 14 bila kuwaona wenzake. Akikosa kikao kimoja cha mwezi, amekaa miezi miwili. Kwa klabu iliyozaliwa Januari, miezi miwili inatosha mtu kujiona mgeni. Kama wiki itawashinda kabisa, shukeni hadi kila baada ya wiki mbili. Msivuke hapo.

Sasa saa yenyewe. Mlango ufunguliwe saa 11 kamili na chai iwe imeshafika mezani. Saa 11:15 mwenyekiti afungue, hata kama wako sita. Anayesubiri watu wajae anawaadhibu waliowahi, na wiki inayofuata nao watachelewa. Dakika tano za dua na kutambulisha wageni. Dakika kumi za taarifa, na kila kiongozi wa timu apewe dakika mbili tu: tulifanya nini, kimekwama nini, tunahitaji nani. Msemaji dakika 20, maswali dakika kumi. Kisha dakika kumi za kugawa kazi, na hizi msizikate hata siku ikibana, kwa sababu ndizo zinazofanya wiki iwepo. Dakika tano za mwisho ni za mchango wa furaha: mwenye mtoto aliyefaulu, aliyemaliza kujenga au aliyevuna vizuri anatoa chochote na kusema neno moja. Saa 12:15 mmefunga. Kwenu kuna sababu ya ziada ya kushika muda huo, maana Juni na Julai giza linaingia mapema na baridi ya Mbeya haimvumilii mtu anayengoja bajaji barabarani.

Muhtasari usisomwe mkutanoni. Utume kwenye kundi la WhatsApp kabla ya Ijumaa jioni, ukurasa mmoja, mwenye marekebisho akuandikie kabla ya Jumatano. Mengineyo nayo yaje kwa maandishi kwako kabla ya Jumatano jioni. Yanayohitaji uamuzi yanakwenda kamati, na yanayohitaji tangazo tu yanaingia kwenye zile dakika kumi za taarifa. Wiki mbili za kwanza kuna mzee atanung'unika kwamba ananyimwa kusema. Mpigie mapema, mwambie jambo lake litajadiliwa kikao gani na yeye aje alieleze mwenyewe. Akishaona limejadiliwa kweli, atatulia.

Kwa ajili ya kazi, nunua daftari gumu la kawaida, uligawe safu nne: kazi, mwenye kazi, tarehe ya kumaliza, fedha inayohitajika. Safu ya pili iwe na jina la mtu mmoja. Mkiandika "kamati ya mradi" mmeandika hakuna mtu. Nina hakika tangi lenu limekwama hapo: klabu nzima imeahidi, lakini hakuna aliyeambiwa "wewe, kabla ya Jumanne, nenda ukapime paa". Kazi iwe ndogo kiasi cha kumalizika ndani ya wiki. "Kushughulikia tangi" haimaliziki. "Kupata bei za simtanki la lita 5,000 kwenye maduka matatu, na nauli ya kulifikisha shuleni" inamalizika kwa simu tatu na mguu mmoja wa daladala.

Wiki yenyewe basi inakuwa na mwendo wake. Ijumaa unatuma muhtasari na orodha ya kazi. Jumatatu kila kiongozi wa timu anawapigia watu wake, na timu iwe ya watu wasiozidi saba ili simu hizo zisiwe mzigo. Jumatano asubuhi unamkumbusha msemaji. Jumatano jioni unakusanya majina ya watakaokuja na kumpa mwenye mgahawa idadi. Hili la idadi ni dogo kwa kulitazama, ila linaua klabu kimyakimya. Tuseme chai, chapati na yai ni shilingi 3,000 kwa mtu na mmeagiza za watu 28. Wakija kumi, mnadaiwa sahani 18 ambazo hazikuliwa, yaani shilingi 54,000 kwa wiki na zaidi ya 200,000 kwa mwezi. Mweka hazina anaanza kuziba pengo hilo kwa fedha za mradi, na hapo mmeshaharibikiwa. Lipieni waliothibitisha tu. Aliyethibitisha asije, alipie sahani yake. Huo ndio wajibu pekee wa fedha ambao ningeuweka juu ya kutohudhuria.

Faini ya 5,000 itawafukuzia watu, na sababu yake ni ya kihesabu. Mwanachama akikosa wiki nne anadaiwa 20,000 juu ya ada ya mwezi. Akitaka kurudi wiki ya tano, kurudi kwenyewe kuna gharama, na itatajwa mbele ya wenzake. Wengi hawatagombana nanyi. Watanyamaza, watatoka kwenye kundi la WhatsApp usiku, na mtakuwa mmepoteza mtu ambaye pengine alikuwa anauguza. Kama mnapenda kubaki na faini, iwe ya kuchelewa au ya simu kuita, iwe ndogo, ilipwe papo hapo na isilimbikizwe kamwe. Badala ya faini wekeni kanuni ya simu: akikosa mara mbili mfululizo, mtu wa timu yake, si mwenyekiti, anampigia kumjulia hali. Hampigii kumkumbusha deni.

Bado kwenye fedha, kuweni na mifuko miwili isiyochanganyika, na hata vitabu viwe viwili. Mfuko wa uendeshaji unajazwa na ada, faini na malipo ya chai. Huo unalipa ukumbi, karatasi, vocha na nauli ya msemaji. Mfuko wa huduma unajazwa na michango ya watu wa nje, harambee na wafadhili, na shilingi yake haigusi chai hata siku moja. Mwananchi aliyetoa 10,000 sokoni Soweto kwa ajili ya maji ya wanafunzi ana haki ya kuiona yote kwenye maji ya wanafunzi. Akaunti ya benki iwe na watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa, na wasiwe mtu na mkewe. Michango isipitie kwenye namba binafsi ya mweka hazina, hata kama ni mwaminifu kiasi gani, kwa sababu akiugua au simu ikiibwa hakuna atakayeweza kuthibitisha kitu. Alhamisi ya nne ya mwezi mweka hazina asome hesabu za mifuko yote miwili kwa dakika tano: tulikuwa na kiasi gani, kimeingia kiasi gani, kimetoka kwa risiti ipi, kimebaki kiasi gani.

Kuhusu wasemaji, pangeni ratiba ya wiki nane mbele, na mtu mmoja aibebe. Barua iende wiki tatu kabla, ikisema wazi dakika 20 na mada ni nini. Msiandike "aje atuelimishe kuhusu afya". Mwandikieni hivi: "Kwa nini mikoa yetu ina chakula kingi na watoto wamedumaa?" Kwenu hilo ni swali la kweli. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takribani asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na Iringa, inayovuna mahindi ya kutosha kuuza nje ya mkoa, ilizidi nusu. Afisa lishe wa halmashauri akilieleza hilo kwa dakika 20, klabu ina mradi wa mwaka ujao. Mna bahati pia ya kuwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI hapohapo Uyole, kwa hiyo mtaalamu wa viazi au maharage hahitaji hata nauli kubwa. Wengine wa kuwaalika ni mwalimu mkuu wa shule mnayoihudumia, fundi wa mabomba, watu wa Damu Salama, na mkulima wa parachichi kutoka Rungwe. Wanasiasa wapumzisheni, hasa mwaka wa uchaguzi.

Si lazima kila Alhamisi ifanane. Alhamisi mbili za kwanza za mwezi ziwe za wasemaji. Ya tatu kutaneni eneo la mradi wenyewe, mkiwa mmesimama shuleni badala ya kukaa ukumbini. Ya nne iwe ya mambo ya klabu: hesabu, mapendekezo ya kamati, kupokea wanachama wapya. Mwaka una miezi minne, mara chache mitano, yenye Alhamisi ya tano. Hizo waiteni wenza na watoto, msiwe na ajenda. Mke au mume anayejua mwenzake anakwenda wapi kila Alhamisi hamzuii kutoka.

Jumamosi ya kazi za mikono iwe moja tu kwa mwezi. Mkizidisha hapo mnashindana na shamba, msiba na harusi, na mtashindwa.

Tangi sasa, kwa sababu ndilo litakalowarudisha watu kuliko kanuni yoyote. Mvua za Mbeya huanza Novemba na kukatika Mei. Huu ndio msimu wa kiangazi, kwa hiyo mna muda wa kujenga kitako na kufunga mifereji kabla ya mvua ya kwanza. Ila kabla ya kununua chochote fanyeni hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la madarasa mawili lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 ni mita za mraba 160. Toeni sehemu moja ya tano inayopotea kwa kurukaruka na kuvuja, zinabaki lita 128 kwa kila milimita. Simtanki la lita 5,000 litajaa kwa mvua ya milimita 40 hivi, yaani mvua kubwa mbili tu. Kujaa si tatizo. Tatizo ni kuisha: wanafunzi 300 wakinawa kwa lita moja kila mmoja kwa siku, tangi linakauka siku ya 17. Kwa hiyo linafaa sana Novemba hadi Mei, lakini haliwezi kuwavusha Juni hadi Oktoba. Mwambieni mwalimu mkuu ukweli huo mapema, na mwangalie kama bomba la mamlaka ya maji linaweza kuunganishwa kulijaza wakati wa kiangazi. Klabu nyingi huzindua tangi kwa ngoma mwezi Machi, na ikifika Agosti wazazi wanasema limeharibika, kumbe ni tupu.

Lita 5,000 zina uzito wa tani tano. Likiwekwa juu ya matofali yaliyopangwa bila zege, upande mmoja utatitia na tangi litapasuka chini, karibu na koki. Jengeni ukuta wa mduara wenye kimo cha sentimita 50 ili ndoo iingie chini ya koki, jazeni kifusi na kushindilia kila sentimita 15, kisha mwageni zege la sentimita 10 lenye nondo, pana kuliko kitako cha tangi pande zote. Limwagilieni maji siku saba kabla ya kulibebesha chochote. Mfereji wa bati uteremke sentimita moja kwa kila mita moja, ukitazama tangi. Mkiulaza sawasawa, maji yatatuama, mbu watazaliana na majani yataoza humo. Wekeni bomba la kumwaga maji ya kwanza, kwa sababu vumbi la miezi mitano na kinyesi cha ndege vyote viko juu ya bati. Nusu lita kwa kila mita ya mraba inatosha, yaani lita 80 kwa paa lenu. Pipa dogo pembeni linatosha kuyapokea. Tundu la kuingizia maji na la kupunguzia yaliyozidi yawe na wavu, na maji yanayozidi yaelekezwe mbali na kitako, la sivyo yatachimba udongo chini yake.

Kabla ya jiwe la kwanza, andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja na kamati ya shule: nani anasafisha mfereji kila mwisho wa Oktoba, nani ana ufunguo wa koki, nani ananunua koki mpya ikikatika. Koki ndiyo inayokufa kwanza, na bila jina hapo itakaa imefungwa na mpira wa baiskeli mwaka mzima. Afisa maendeleo ya jamii wa kata naye apate nakala, ili mtendaji au mwalimu mkuu akihamishwa jambo lisianze upya.

Huu ugomvi wa wiki na mwezi, upeni muda wa wiki 12. Wanachama wakubali kujaribu utaratibu mpya, faini ya kutohudhuria isimamishwe kwa kipindi hicho, na madeni ya faini yaliyopita yafutwe kwa azimio, yasomwe, yaandikwe. Kila Alhamisi andika mambo matatu: waliokuja wangapi, mmefunga saa ngapi, kazi ngapi za wiki iliyopita zimekamilika. La tatu litazame kuliko mengine. Wakija 14 na kazi sita kati ya nane zimekamilika, klabu ni nzima kuliko wakijaa 28 na daftari likiwa tupu. Baada ya wiki 12 ndipo mpige kura, mkiwa na hesabu mkononi.

Hakikisheni kura hiyo inapigwa kabla ya Novemba. Mvua zikianza, nusu ya wanachama wenu watakuwa Igurusi, Ilembo au Tukuyu wanapanda, na mahudhurio ya Desemba yatashuka hata mkiendesha kila kitu kwa usahihi. Wekeni hilo kwenye kalenda tangu sasa: kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Januari, mkutane kila baada ya wiki mbili, bila Jumamosi za kazi za mikono.